Mtoto wa Awali na Madarasa ya Mwanzo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi wa Tanga

Maswali haya ndiyo tunayokutana nayo sisi walimu wa madarasa ya chini: getini asubuhi, sokoni Mgandini, ndani ya daladala la Pongwe, na kwenye kikao cha wazazi ambacho muda wake hautoshi hata siku moja. Nimeyajibu nikimfikiria mzazi wa Ngamiani, Makorora, Mabawa au Mwakidila, mwenye kazi zake, mwenye watoto zaidi ya mmoja, na asiye na meza ya kusomea nyumbani. Jambo moja mtaliona linajirudia. Hatukuombi uwe mwalimu wa pili. Mtoto anahitaji saa zisizoyumba, na mtu mzima mmoja wa kumsikiliza akisoma kila siku.

Mwanangu anaanza shule Januari. Nimwandae vipi?

Kwa sera ya sasa mtoto huingia awali akiwa na miaka 5, na darasa la kwanza akiwa na miaka 6. Wazazi wengi Desemba hukimbilia kumfundisha a, e, i, o, u. Si vibaya, ila hiyo ni kazi yetu na tuna mwaka mzima wa kuifanya. Kinachotukwamisha wiki za mwanzo ni mtoto asiyeweza kufungua vifungo vya kaptula yake akibanwa na haja, au asiyethubutu kusema "Mwalimu, naomba kwenda chooni." Wapo pia wanaoitwa kwenye orodha wakakaa kimya, kumbe nyumbani wanaitwa jina la utani tu na hawajawahi kusikia majina yao ya cheti.

Kwa hiyo Desemba mzoeze kuvaa mwenyewe, kunawa mikono, kutaja majina yake yote na ya mzazi wake. Tembea naye njia ya shule mara kadhaa, umwonyeshe pa kuvukia barabara. Na anza kumlaza mapema, maana hilo halizoeleki kwa siku mbili.

Asubuhi kwetu ni vurugu, mtoto anachelewa namba (mstari wa asubuhi shuleni) kila siku. Nifanye nini?

Tatizo la asubuhi hutengenezwa usiku. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12; wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13, ukijumlisha na wa mchana. Sasa piga hesabu kurudi nyuma. Kama lazima aamke saa 12 asubuhi, basi saa 2 usiku awe amelala. Mtoto aliyelala saa 5 baada ya tamthilia tunampokea darasani akiwa ameweka kichwa juu ya dawati, na hapo hata mwalimu bora hana la kufanya.

Najua joto la Tanga. Kuanzia Januari mpaka Machi ndani hakulaliki, na familia nzima hukaa barazani mpaka usiku mwingi. Mwogeshe kabla ya kulala, fungua dirisha, mtandikie upande unaopata upepo, shusha chandarua. Watu wazima mnaweza kuendelea na baraza, yeye aingie. Akirudi shule mchana alale kidogo, lakini asiachwe mpaka jua linazama, maana saa 2 usiku hatapata usingizi.

Kisha, kabla hajalala, vitu vyote viwe mahali pamoja: sare iliyofuliwa na kupigwa pasi, soksi, begi lenye madaftari ya kesho, penseli iliyochongwa, ufutio, na viatu vyote viwili. Naandika "vyote viwili" makusudi. Kiatu kimoja kilichosukumwa chini ya kitanda kinachelewesha watoto kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Mwache apange mwenyewe, wewe ukague. Ndani ya mwezi mmoja atakuwa anakukumbusha yeye. Na penseli moja ibaki nyumbani, kwa sababu ya shuleni itapotea tu.

Shule zenye watoto wengi huwa na zamu, wengine asubuhi na wengine mchana. Ulizia zamu ya mwanao mapema. Mtoto wa zamu ya mchana naye awe na saa yake ya kuamka na ya kusoma, asiachwe kuzurura mtaani mpaka afike shuleni amechoka.

Chai ya rangi na andazi moja vinatosha?

Vikiwepo ni afadhali kuliko kwenda na njaa, ila andazi halimfikishi mbali. Muhogo wa kuchemsha, kiazi kitamu, uji wenye karanga, mbaazi, au wali wa jana uliopashwa moto vizuri vinamshikilia zaidi. Angalia tu vilivyoungwa nazi: kwa joto letu huchacha upesi, na kiporo kilichochacha kitamrudisha nyumbani saa 4 akiharisha. Kama shule yenu imepanga uji kwa makubaliano ya wazazi, tafadhali changia. Tofauti ya darasa lililokunywa uji na lisilokunywa naiona kila siku kwa macho yangu.

Hela ya kununua barafu na ubuyu wa rangi getini ingenunua chungwa. Msimu wa machungwa ya Muheza hakuna sababu ya mtoto wa Tanga kwenda shule bila tunda.

Shule asubuhi, chuoni (madrasa) alasiri. Mwanangu atayaweza yote?

Atayaweza, na wengi wanayaweza. Mtoto anayesoma madrasa huja kwetu amezoea kukaa, kusikiliza, kuitikia na kuweka maneno kichwani. Ugomvi uko kwenye saa, na saa zinapangika. Chukua mtoto anayetoka shule saa 6 mchana: ale, apumzike mpaka saa 8 na nusu, aende chuoni, arudi mnamo saa 11, acheze mpaka karibu na magharibi. Baada ya magharibi aoge, ale, asome dakika kumi au kumi na tano mbele yako, alale. Mambo hayo yote yanaenea.

Yasiyoenea ni pale chuoni kunapoongezwa tuisheni, na tuisheni ikaongezwa kutumwa dukani mara nne. Kinachokatwa kwanza huwa ni mchezo, na hapo nawasihi sana msikate. Mtoto anayecheza rede au kombolela anahesabu, anafuata kanuni, anasubiri zamu yake na anajifunza kushindwa bila kulia. Hayo ndiyo anayoyahitaji darasani lenye watoto themanini.

Kama madrasa ya jirani ina kipindi cha usiku tu, zungumza na ustadhi. Wengi wao ni wazazi pia, na huwaruhusu wadogo kuanza mapema au kuja zaidi siku za mwisho wa wiki.

Wengine huuliza kama kusoma Kiarabu kutoka kulia na Kiswahili kutoka kushoto kutamchanganya. Kwa wiki chache anaweza kuanzia upande usio wake. Mwonyeshe kwa kidole pa kuanzia, umwekee kitone pembeni mwa mstari. Hupita haraka.

Mimi sikusoma. Nitamsaidiaje mtoto?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na bibi aliyeachiwa wajukuu, na nalijibu kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloamua mengi. Unaweza kumsaidia sana.

Kila jioni keti naye mahali penye mwanga. Mwambie afungue ukurasa wa leo. Tarehe huandikwa juu, kwa hiyo hata usiyesoma utajua: linganisha na ya jana, kama hazifanani basi leo aliandika. Kama ukurasa wa mwisho ni uleule wa juzi, muulize kwa nini. Tazama alama za vema na za kosa. Mwambie akueleze kosa moja lilikuwa nini. Usimgombeze, unataka azoee kukuonyesha, maana mtoto anayegombezwa kwa kila kosa huanza kuficha daftari.

Kisha akusomee, akifuata neno kwa kidole. Wewe sikiliza. Akimaliza muulize: "Hapo panasema nini?" Akueleze kwa maneno yake. Mwambie, "Nionyeshe lilipo neno samaki," halafu "Na hili la hapa ni lipi?" Hapo wewe usiyejua herufi hata moja umeshampima.

Halafu lipo ambalo bibi analo kuliko mwalimu. "Paukwa!" "Pakawa!" Hadithi za sungura na fisi, vitendawili vya "Kitendawili!" "Tega!", majina ya samaki, ya miti, ya pepo za kusi na kaskazi. Mtoto aliyesikia hadithi nyingi huwa na maneno mengi, na akikutana nayo kitabuni anayatambua. Anayejua neno "mkungu" kwa kulisikia huligundua akifika silabi ya pili tu. Asiyewahi kulisikia ataliunga mpaka mwisho na bado hatajua amesoma nini.

Baba aliye safarini au baharini naye asijitoe. Akipiga simu aulize, "Leo mmesoma nini?", asubiri jibu, ndipo aulize mengine.

Anasoma ukurasa mzima bila kukosea, lakini mwalimu anasema hajui kusoma. Vipi?

Anakariri. Darasa zima husoma kwa pamoja kwa sauti, na mtoto mwenye kumbukumbu nzuri hushika ukurasa kama anavyoshika wimbo. Utajua hivi: funika picha kwa kiganja, kisha muulize neno la mwisho la mstari kabla ya la kwanza. Anayesoma atalitazama na kuliunga. Anayekariri ataanza ukurasa upya kutoka juu, akikimbilia neno hilo.

Dawa yake ni kurudi kwenye silabi, na huhitaji kununua kitu. Kata boksi la sabuni vipande vidogo, uandike au umwombe kaka yake aandike ba, ta, ka, ma, la, pa, silabi moja kila kipande. Mwache apange: bata, taka, kata, paka, pata, mapaka. Neno lisilo na maana nalo alisome, acheke, aendelee, kwa sababu hilo hawezi kuwa amelikariri. Akizoea, ongeza me, li, ko, tu.

Mfundishe sauti ya herufi kabla ya jina lake. M ni "mmm", kama mtu anayeonja mchuzi. Ukimwambia ni "em", atasoma "ema" badala ya "ma". Kiswahili kimetupa bahati: irabu ni tano tu na hazibadiliki popote zinapokaa, kwa hiyo mtoto akizishika sauti milango mingi hufunguka kwa pamoja. Zitakazomsumbua ni zile zinazoandikwa kwa herufi zaidi ya moja: ny, ng, ng', mb, nd, dh, th, gh, kw, mw. Zichukueni moja moja. Ngoma na ng'ombe, wiki nzima, hakuna haraka.

Anageuza b na d. Ana tatizo?

Akiwa awali au darasa la kwanza, hapana. Wengi hugeuza, kisha huacha. Mwandikie b kubwa mchangani aifuate kwa kidole, siku nyingine d, zisiwe pamoja siku moja. Akifika darasa la tatu bado anageuza, na kusoma kwenyewe kunamshinda, tuonane.

Anaandika kwa mkono wa kushoto. Nimzuie?

Usimzuie. Usimfunge mkono, usimpige vidole. Adabu ya kula na kupokea kwa mkono wa kulia mfundishe kama kawaida, hiyo ni malezi ya nyumbani na haigongani na kuandika. Mwambie mwalimu amkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto ili wasigongane viwiko na mwenzake.

Hesabu nyumbani nifundishe nini?

Vitu vya kushika. Visoda, kokoto, kete za bao. Kinachosaidia kuliko vyote ni njiti za ufagio wa chelewa: kata njiti fupifupi, mtoto ahesabu kumi kumi na kuzifunga kwa mpira. Mafungu matatu na njiti nne ni thelathini na nne. Mtoto aliyewahi kufungua fungu moja kwa mikono yake ili atoe saba kwenye thelathini na nne hatababaika mwalimu akisema "kopa kumi".

Halafu mtume gengeni. Mpe shilingi 1,000 anunue kitunguu cha 300, na kabla hajatoka muulize atarudi na ngapi. Akirudi, hesabuni chenji pamoja.

Kazi ya nyumbani nimfanyie akishindwa?

Usimfanyie. Mwandiko wako tunaujua. Akijaribu akashindwa, acha kosa lilivyo, au andika pembeni "amejaribu". Kosa lake linanionyesha nianzie wapi kesho.

Tuisheni ya darasa la kwanza ina faida?

Kwa maoni yangu, kwa mtoto wa umri huo hapana. Hela hiyo inunue maziwa na kitabu kimoja cha hadithi. Vitabu vya kiada vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na Maktaba ya Mkoa ipo hapahapa mjini. Mpeleke Jumamosi moja aone chumba kilichojaa vitabu.

Na simu? Katuni zinamfundisha Kiingereza.

Kidogo na pamoja nawe, sawa. Usiku kabla ya kulala, hapana. Na isiwe zawadi ya kumnyamazisha ili upike. Kuhusu Kiingereza, wazazi wanaokihofia kwa sababu sekondari hufundishwa kwa lugha hiyo nawaambia hivi: mtoto aliyejua kusoma vizuri Kiswahili hupeleka ujuzi huo kwenye Kiingereza. Asiyejua kusoma lugha yoyote hana cha kupeleka.

Amekuwa akilia asubuhi, hataki shule. Nimlazimishe?

Kwanza ujue sababu. Mtoto mdogo hasemi "naonewa". Husema "tumbo linauma". Muulize mambo madogo usiku mkiwa mmetulia: unakaa na nani, mapumziko ulicheza na nani, choo kikoje, nani alilia leo. Wengine wanaogopa choo tu. Wengine wananyang'anywa hela na wakubwa njiani.

Akitaja fimbo, lichukue kwa uzito. Kanuni za mwaka 2002 ziko wazi: adhabu ya viboko hutolewa na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemkasimu kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe, mtoto wa kike huadhibiwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule isiyo naye. Adhabu hiyo imewekewa makosa makubwa. Kushindwa kusoma neno si kosa la kuchapiwa, na mimi kwa upande wangu sijaona kosa la mtoto wa awali linalostahili fimbo. Anza na mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, kamati ya shule, na Afisa Elimu Kata. Mtoto akiumizwa au akiguswa vibaya, na yeyote yule, piga 116, Simu ya Mtoto, haina malipo.

Nasi tunaomba: usimtishe nyumbani kwa "nitakusemea kwa mwalimu akuchape". Maneno hayo hutufuta sisi sote moyoni mwake.

Anaumwa mara kwa mara. Nimpeleke hivyohivyo?

Mwenye homa abaki, apimwe malaria zahanati; usimpe panado ukampeleka darasani. Siku za dawa za minyoo na kichocho shuleni, mlishe kwanza, maana ya kichocho humsumbua tumbo mwenye njaa. Na wako watoto tunaowaita wavivu kumbe hawaoni ubao. Mtoto anayekunja macho, anayesogeza daftari puani, anayeongeza sauti ya televisheni au anayetoka usaha sikioni, mwanzishe kituo cha afya. Wakimpa rufaa, ataenda Hospitali ya Bombo. Mpaka hapo tuambieni akae mbele.

Mvua za masika aende?

Aende, labda kama njia imejaa maji. Kati ya Machi na Mei madarasa hupungua nusu, na mtoto anayekosa siku mbili za kila wiki anakosa silabi ambazo hatutazirudia zote. Madaftari yafungwe kwenye mfuko wa nailoni ndani ya begi. Bodaboda ya mishikaki, watoto watatu nyuma, msikubali hata kama mvua inanyesha. Na sisi wa Tanga tunaopakia watoto kwenye baiskeli, tuangalie miguu yao: huingia kwenye spoku. Mwekeeni pa kukanyagia, na avae viatu vya kufunga.

Elimu si bila malipo? Mbona naombwa mchango?

Ada haipo. Sare, madaftari na chakula ni vya mzazi. Mchango ukikubaliwa kwenye kikao, uliza matumizi yake. Ila mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango. Akirudishwa, nenda kwa mwalimu mkuu siku hiyohiyo.

Ripoti inasema amekuwa wa 60. Nimwadhibu?

Nafasi ya 60 haikuambii kitu. Njoo uulize anajua sauti zipi na hazijui zipi, anasoma neno la silabi ngapi, anajumlisha mpaka ngapi. Darasa la pili hupimwa kusoma, kuandika na kuhesabu, na darasa la nne kuna upimaji wa taifa. Tukikutana mapema, miezi iliyobaki inatosha kumvuta.

Usije saa 1 asubuhi, getini, nikiwa na watoto themanini wanaoingia. Njoo saa 6 mchana wadogo wakitoka, siku yoyote, bila kungoja kikao. Uje na mtoto na daftari lake.